Kikulacho ki kooni mwako

Mwaka 1887, mjini Vienna, daktari Anton Weichselbaum alitazama kwa hadubini maji ya uti wa mgongo ya wagonjwa wa homa ya uti wa mgongo, akaona bakteria waliokaa wawili wawili kama maharagwe yaliyogeuziana matumbo. Hivyo ndivyo sayansi ilivyokutana na Neisseria meningitidis, ambaye tutamwita meningokokasi. Ilimkuta penye madhara tayari. Mtu ukimfahamu kwa mara ya kwanza akiwa kizimbani, itakuchukua muda kuamini kwamba siku nyingine zote huwa kwake, hana neno na jirani. Nadhani ndilo lililotupata na bakteria huyu. Mpaka leo tunamwandika kwa lugha ya kizimbani: mvamizi, adui, muuaji. Mimi mwenyewe nimeandika "anashambulia ubongo" mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Kwake hasa ni nyuma ya pua, pale koo linapoanzia. Karibu mtu mmoja kati ya kumi walio wazima wa afya anaye, na miongoni mwa vijana wanaolala pamoja mabwenini au kambini idadi hupanda zaidi. Wanakula, wanacheka, wanapiga miayo, wala hawajui. Bakteria huyu hana makao mengine duniani: haishi kwenye maji wala udongo, hana mnyama wa kumfuga. Anatoka koo hadi koo kwa mate na matone ya kikohozi, na maisha yake yote yanategemea safari hiyo fupi.

Sasa fikiria kinachompata anayeingia kwenye damu na kuishia katika tando za ubongo. Hana pa kutokea. Ubongo haukohoi. Mgonjwa atakufa naye, au dawa itammaliza humo humo. Kwa hesabu ya vizazi amefika mwisho wa njia, kwa sababu bakteria anayerithisha vifaa vyake ni yule anayeacha wajukuu, na wajukuu wako kooni. Kutokana na hilo dai langu ni moja: karibu kila kifaa ambacho meningokokasi hukitumia kuingia kwenye seli zetu na kupenya hadi kichwani kimechongwa kwa ajili ya kuishi kooni. Homa ya uti wa mgongo ni ajali ya kazi. Asiyeliona hilo atashindwa kuelewa kwa nini chanjo fulani zilifanya maajabu na nyingine zikafanya nusu ya kazi.

Tuanze na vifaa vyenyewe. Mwilini mwa bakteria huyu mmetoka nyuzi nyembamba sana, ndefu kuliko yeye mwenyewe mara kadhaa. Anazitupa nje kama mvuvi anavyotupa mshipi, zinanasa, kisha anazivuta ndani. Nguvu ya kuvuta ndiyo inayoshangaza. Vipimo vilivyofanywa kwa ndugu yake wa damu, bakteria wa kisonono, vimeonyesha uzi mmoja ukivuta mzigo wa takriban mara 10,000 ya uzito wa bakteria mwenyewe, na zikifungamana kama kamba nguvu hufika mara 100,000. Kooni nguvu hiyo ina maana. Kamasi inateleza bila kukoma, vinyweleo vya seli vinafagia kila kitu kuelekea tumboni, na mkazi asiye na mshiko humezwa.

Nyuzi zikishamvuta karibu, hushika zamu protini fupi za kwenye ngozi yake. Kundi moja la protini hizo, Opa, hukamata vipokezi vya familia ya CEACAM juu ya seli za koo, na seli nayo humkunja bakteria ndani yake kana kwamba imemkaribisha. Hapo kuna tatizo la kuchekesha kidogo. Meningokokasi huvaa koti nene la sukari, na koti hilo hufunika protini fupi zisigusane na seli. Akilivaa, hashiki vizuri. Akilivua, yuko uchi mbele ya kinga ya mwili. Suluhisho lake ni la mcheza kamari: baadhi ya jeni zake zina herufi zinazojirudia rudia, na kila anapogawanyika kuna nafasi ndogo ya mashine ya kunakili kuteleza hapo. Herufi moja ikizidi au ikipungua, jeni inazimika au inawaka. Ndani ya koo moja kwa hiyo huwa na wenye koti na wasio na koti, wenye Opa hii na wenye Opa ile, na yeyote anayefaa kwa siku hiyo ndiye anayestawi. Sehemu kubwa ya wanaopatikana kwa watu wazima wa afya hawana koti hata kidogo.

Ni koti hilo linalogeuza mkazi kuwa hatari akianguka kwenye damu. Ndugu yake wa kisonono ana nyuzi kama zake na Opa kama zake, lakini hana koti, na ni nadra kwake kufanikiwa ndani ya damu. Mwenye koti hustahimili protini za kinga ambazo kazi yake ni kutoboa bakteria. Zaidi ya hapo, hukamata protini ya mwili wetu iitwayo faktari H, ile ambayo seli zetu huivaa kama kitambulisho ili walinzi wasizidhuru. Akishaivaa, walinzi wanampita.

Hapa tumsindikize mmoja, hatua kwa hatua, kwa sababu ndipo penye mambo.

Yuko kwenye damu, upana wake haufiki sehemu moja ya elfu ya milimita. Katika mishipa mikubwa mkondo ni mkali, hawezi kushika chochote. Anaingia kwenye kapilari, mshipa mwembamba ambao chembe nyekundu ya damu hupita kwa kujibana. Huko mkondo haulingani. Mara unakwenda, mara unalegea, mara unasimama kwa muda mfupi. Katika kulegea huko nyuzi zake zinanasa ukutani. Mkondo ukirudi, haondoki tena.

Kilichonaswa ni kipokezi CD147, ambacho juu ya seli za mishipa hukaa pamoja na kipokezi cha adrenalini cha aina ya beta-2. Hicho cha pili kinafahamika na kila mwenye pumu: ndicho kinachoguswa na dawa ya kupulizia, salbutamoli, pale mapafuni. Adrenalini na dawa hiyo hukiamsha kwa kuingia kwenye kishimo chake, kama ufunguo kwenye kitasa. Meningokokasi hana haja na kitasa. Kipokezi kina matawi ya sukari yaliyochomoza nje, naye anayashika kwa nyuzi zake na kuyavuta. Mvuto huo peke yake unakiamsha kipokezi. Ni kama mtu anayegonga kengele ya nyumba kwa kuning'inia kwenye waya wake.

Na sukari inayomvutia ina ncha ambayo ni ya kwetu hasa. Wanyama wengi wana aina mbili za asidi ya sialiki kwenye ncha hizo. Ukoo wa binadamu ulipoteza jeni ya kutengeneza mojawapo mamilioni ya miaka iliyopita, ukabaki na moja. Nyuzi za meningokokasi hutambua hiyo iliyobaki. Hii ni sehemu ya sababu kwa nini panya wa maabara wamewasumbua sana watafiti wa ugonjwa huu, hadi ilipoonekana kwamba panya aliyepandikizwa kipande cha ngozi ya binadamu hupata bakteria ndani ya mishipa ya kipande hicho, huku mishipa yake mwenyewe ikibaki salama.

Kipokezi kikishaamka, seli inafanya mambo mawili, na yote mawili inajifanyia yenyewe. La kwanza, chini ya bakteria inakusanya mifupa yake ya ndani na kuchomoza vidole vidogo vinavyowazunguka wageni, vikawakinga na mkondo. Sasa wanaweza kuzaana hapo hapo ukutani. Wanapoongezeka, nyuzi zao zinanasana na kuachana bila kukoma, na kundi zima linakuwa kitu cha majimaji mazito, linatambaa na kujaza mshipa kama asali inavyofuata umbo la chupa. La pili ndilo linalofungua njia ya ubongo. Seli za mishipa ya ubongo zimeshonwa pamoja kwa protini za mshono unaobana sana, ndiyo maana dawa nyingi hazipiti. Mshono huo unahitaji kukarabatiwa kila wakati. Seli iliyotekenywa na nyuzi huhamisha mafundi wake wa mshono, ikawaita chini ya kundi la bakteria, ikaanza kujenga hapo kitu kinachofanana na mshono mpya. Kule mpakani mafundi wamepungua. Mshono unalegea, na baadhi ya bakteria wanapita katikati ya seli na seli.

Niliposoma maelezo haya kwa mara ya kwanza nilitafuta mahali pa kuandika neno "anavunja ukuta", nikalikosa. Hakuna kilichovunjwa hapo. Kuna kengele iliyopigwa na mwenye nyumba aliyekwenda kufungua.

Msomaji makini atauliza: kama ni ajali, mbona inatokea ubongoni kwa mpangilio mzuri hivyo? Jibu liko kwenye ngozi. Mgonjwa ambaye damu yake imejaa meningokokasi hutokwa na madoa ya zambarau yasiyofifia ukiyabana kwa glasi. Madoa hayo ni mishipa midogo ya ngozi iliyojazwa na bakteria, ikaganda damu, ikavuja. Ni mambo yale yale, kipokezi kile kile, nyuzi zile zile. Popote mkondo unapolegea na vipokezi vikawepo, bakteria anajishika. Hakuutafuta ubongo. Na mara nyingi ni kule kujaa kwenye damu, pamoja na sumu inayobanduka kutoka kwenye ngozi ya bakteria, kunakoua kwa saa chache kabla hata tando za ubongo hazijapata nafasi ya kuvimba.

Ushahidi mwingine naupenda zaidi, maana ulionekana kwanza kunipinga. Mwaka 2005 kundi la watafiti wa Ufaransa lilionyesha kwamba aina za meningokokasi zinazosababisha ugonjwa mkali zina, mara nyingi kuliko nyingine, kipande cha jeni kilichotoka kwa virusi vinavyoishi ndani ya bakteria. Basi, ikadhaniwa, hiki ndicho kifaa cha kuvamia. Kilipochunguzwa zaidi, hakikuonekana kumsaidia bakteria kwenye mshipa wa damu. Kilimsaidia juu ya seli za koo: virusi hivyo hutoka kama nyuzi na kuwafunganya bakteria pamoja, wakapanda tabaka juu ya tabaka. Wakiwa wengi zaidi kooni, uwezekano wa mmoja kuteleza kwenye damu unaongezeka. Kilichoitwa silaha kilikuwa kifaa cha kujaza nyumba.

Sitaki kulifanya dai langu kuwa la bakteria wote. Streptococcus pneumoniae, yule wa nimonia, naye ni mkazi wa pua na koo, na vifaa vyake vinasimulia hadithi inayofanana. Kwenye ngozi yake amebandika kemikali ndogo, fosforilikolini, iliyomo pia kwenye ujumbe ambao seli zetu hutumiana wakati wa uvimbe. Kipokezi cha ujumbe huo kinamshika kwa kumdhania mwenzake, na seli inammeza na kumvusha ndani yake hadi upande wa pili. Tofauti na meningokokasi, huyu hupita katikati ya seli yenyewe. Kwa Listeria picha inabadilika. Anaingia kwa chakula, anashika protini ya kuunganisha seli za utumbo, anaishi ndani ya chembe nyeupe za damu na anaweza kubebwa nazo hadi ubongoni, na akiwa ndani ya seli hujitengenezea mkia unaomsukuma hadi seli jirani. Yeye kuishi ndani ya seli ni fani yake, na neno "mvamizi" anastahili.

Lipo na jambo linalonikera. Mwaka 2009 ilionyeshwa kwamba meningokokasi, bakteria wa nimonia na Haemophilus influenzae, wasio wa ukoo mmoja wote, hushika kipokezi kile kile cha laminini, protini ya tandiko ambalo seli hukalia, kwenye mishipa ya ubongo. Watatu kufika kwenye mlango mmoja kunanukia kusudi. Naweza kujibu kwamba wote watatu wanakaa kooni, na kwamba kipokezi hicho kipo kwenye seli nyingi nje ya ubongo. Ni jibu la haki, ila nakubali halifungi mjadala.

Tuje kwenye matokeo, maana uchambuzi usiofika kwenye tiba ni porojo. Dawa za kuua bakteria bado ndizo zinazookoa, na kila saa inayopotea ina gharama, hilo halibishaniwi. Lakini kuua nako kuna gharama yake. Bakteria wa nimonia anapopasuka humwaga nimolisini, sumu inayotoboa seli zetu matundu, na mabaki ya ngozi yake huamsha uvimbe ambao ndani ya fuvu hauna pa kupanukia. Ndiyo sababu madaktari walijaribu kutanguliza dawa ya kupoza uvimbe, deksamethasoni. Utafiti wa Ulaya uliochapishwa mwaka 2002 ulikuta vifo vya watu wazima vikishuka kutoka asilimia 15 hadi 7. Majaribio ya Malawi, kwa watoto mwaka 2002 na kwa watu wazima mwaka 2007, hayakuona faida. Wagonjwa wengi wa Malawi waliishi na virusi vya Ukimwi na wengi walifika wakiwa wamechelewa. Dawa ile ile, mwili tofauti.

Kuna njia nyingine, ya kumwachisha badala ya kumuua. Mwaka 2019 watafiti walionyesha kwamba dawa mbili za zamani za magonjwa ya akili, trifluoperazini na thioridazini, humfanya meningokokasi azirudishe nyuzi zake ndani. Katika panya wenye ngozi ya binadamu, makundi yaliyojaza mishipa yalilegea na madhara kwenye mishipa yakapungua. Thioridazini ina sifa mbaya ya kuvuruga mapigo ya moyo, kwa hiyo hakuna anayeiweka kesho kwenye trei ya dharura. Ila wazo ni zuri: ukikata mshiko, kengele inanyamaza.

Chanjo ndipo mahali ambapo kulifikiria koo kumelipa hasa. Chanjo za zamani zilikuwa sukari tupu ya koti. Zilimpa mtu mzima kinga ya miaka michache kwenye damu, watoto wachanga hazikuwafaa, na kooni hazikugusa kitu kwa maana. Baadaye sukari ikaunganishwa na protini, mwili ukaanza kuikumbuka, na kingamwili zikafika hadi kwenye ute wa koo. Uingereza ilipoanza mwaka 1999 kuchanja dhidi ya kundi C (meningokokasi hugawanywa makundi kwa aina ya sukari ya koti lake), vijana waliobeba bakteria hao walipungua kwa takriban theluthi mbili, na ugonjwa ukapungua kwa kiasi kama hicho hata kwa wasiochanjwa. Desemba 2010 Burkina Faso ikaanza na MenAfriVac dhidi ya kundi A, katika ukanda wa Afrika ambako mlipuko wa 1996 na 1997 ulikuwa umepata wagonjwa zaidi ya 250,000 na kuua watu 25,000. Kundi A likatoweka makooni, kwa waliochanjwa na wasiochanjwa. Tangu 2017 hakuna mgonjwa wa kundi hilo aliyethibitishwa katika ukanda huo. Machi 2024 Nigeria ikawa nchi ya kwanza kutoa chanjo ya makundi matano, A, C, W, X na Y, iliyotengenezwa kwa njia hiyo hiyo ya kuunganisha.

Kundi B halimo, na si kwa kusahaulika. Katika ukanda huo ni nadra, na zaidi ya hapo koti lake ni la sukari ile ile inayopamba seli za neva za binadamu. Mwili unaliona kama jamaa na hauliinulii mkono, na kulazimisha uliinulie mkono kungekuwa kuchezea ubongo wenyewe. Wanasayansi ilibidi waliache koti. Walisoma jenomu nzima ya kundi B, iliyochapishwa mwaka 2000, wakachagua protini zilizochomoza nje, ikiwemo ile inayokamata faktari H, na mwaka 2013 Ulaya ikaruhusu chanjo ya kwanza ya aina hiyo. Ni kazi ya akili nyingi, na inamkinga aliyechanjwa.

Kisha Australia Kusini wakauliza swali la kooni. Kati ya 2017 na 2018 walichukua sampuli za koo za wanafunzi wa sekondari wapatao 35,000, wengine wamechanjwa, wengine bado. Baada ya mwaka mmoja waliobeba meningokokasi wa hatari walikuwa karibu sawa pande zote mbili. Waliochanjwa walikuwa na kinga kwenye damu, na kooni mpangaji alikuwa bado yupo, akisubiri kikohozi kinachofuata kimpeleke kwa asiyechanjwa.